Kupangisha chumba kwenye nyumba ambayo sio yako peke yako (kwa sisi wa Dodoma)

Kaka yangu mkubwa alifika Dodoma saa tisa usiku na basi la Mwanza, akachukua bodaboda mpaka Kikuyu, akafungua geti kwa funguo yake maana kila mmoja wetu ana funguo ya nyumba ya baba, akaingia sebuleni na begi mkononi akakutana na kijana kajifunga taulo anatoka bafuni. Yule kijana kwa adabu kabisa akamwambia shikamoo mzee, karibu, unamtafuta nani? Kaka yangu anaulizwa anamtafuta nani kwenye nyumba ambayo yeye alibeba maji ya kufyatulia tofali zake akiwa darasa la tano.

Usiku ule hakugomba. Asubuhi baada ya chai akaenda kusimama kwenye mlango wa chumba cha baba, ndo hicho nilichokuwa nimekipangisha, akauliza kabati liko wapi. Kabati la mninga la marehemu baba nilikuwa nimelitoa varanda nikalifunika turubai, na mvua za Januari zilikuwa zimeshaingia kwenye droo ya chini ambayo baba alikuwa anatunza karatasi zake za kazini reli. Kaka alizitoa moja moja zikiwa zimegandana, akazianika juani kwenye ukingo wa varanda bila kuniambia neno. Tulikaa miezi mitano hatuongei vizuri, na hela yenyewe niliyokuwa nimeipata ilikuwa laki nne na themanini tu, kodi ya miezi sita, niliyoichukua bila kumuuliza hata mmoja wao.

Naandika haya kwasababu najua tuko wengi. Tangu serikali ilipohamia huku na Dodoma kuwa jiji mwaka 2018 watu wanatafuta vyumba kila kona, kuna wanafunzi wa UDOM na St. John's na Mipango na CBE, kuna watumishi wanaokwenda Mtumba kila siku, wengine wanakuja kikazi miezi michache tu halafu wanaondoka. Sasa wewe unakaa kwenye nyumba kubwa ya wazazi vyumba viwili vimelala, unawaza chumba kimoja kingelipa umeme na ada. Wazo ni zuri na mimi mpaka leo napangisha. Ila nyumba ikiwa ni yako na wenzako kuna kazi ya kufanya kabla mtu hajaingiza godoro, na hiyo kazi ni kwa wenzako zaidi kuliko kwa mpangaji.

Anza na karatasi

Kabla hujampigia dalali toa karatasi za nyumba usome jina. Nyumba nyingi za zamani hapa mjini karatasi zake zilitoka CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, na CDA ilivunjwa Mei 2017 kazi zake zikaenda halmashauri ya manispaa, ndo hii ya jiji leo, kwahiyo kama bado mna zile za zamani zenye jina la marehemu jueni kuna safari ya ofisi za ardhi inawasubiri hata kama hampangishi.

Kama jina ni la marehemu na mirathi haijafunguliwa, hakuna kati yenu mwenye mamlaka ya kumpa mtu chumba kwa mkataba, hata aliyekaa humo miaka ishirini, hata kitinda mimba aliyemuuguza mzee. Mnakaa kikao cha familia, mnampendekeza msimamizi, mnakwenda mahakamani, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo, msimamizi akishateuliwa na kupata barua yake ndo anakuwa na uwezo wa kusaini jambo la ile nyumba, na kodi inayoingia ni mali ya mirathi yote, sio posho ya msimamizi. Hapa watu wengi wanakosea, msimamizi anajiona mmiliki.

Kama mirathi ilishaisha na hati imeandikwa majina yenu, angalieni mmeandikwaje. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ina namna mbili za kumiliki na wenzako. Ya kwanza mnamiliki wote kwa pamoja kama mtu mmoja, hakuna fungu la fulani, mmoja akifariki haki yake inabaki kwa waliobaki hai, na jambo la kupangisha au kuuza mnalifanya wote. Ya pili kila mtu ana hisa yake, mfano robo robo kama sisi, na hisa hiyo unaweza kuwarithisha watoto wako. Lakini robo haina ukuta ndugu yangu. Huwezi kusema robo yangu ni hiki chumba cha mbele na choo cha nje, robo yako imo kwenye kila tofali na kila bati sawasawa na za wenzako. Na sheria inasema ukitaka kuiingiza hisa yako kwenye shughuli na mtu wa nje upate ridhaa ya wenzako kwa maandishi, nao wasikatae tu bila sababu ya maana.

Mke na mume wasijione wako nje ya hili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imekataza kabisa mmoja kuuza, kugawa, kuweka rehani au kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Nimeona baba anarudi na mpangaji jioni, mama anaambiwa tu huyu atakaa chumba cha watoto. Hiyo haifai, na mama akienda kulalamika anasikilizwa.

Na kama nyumba ina mkopo wa benki au unailipa kidogo kidogo kwa mtindo wa mpangaji mnunuzi, soma mkataba wako mstari kwa mstari, mara nyingi kuna kipengele cha kuomba kibali kwanza. Kaombe. Barua moja ni rahisi kuliko kuanza kujieleza baadae.

Kuongea na wenzako

Hapa ndo nataka tukae kidogo.

Usianze na grupu la WhatsApp la familia. Ukiandika tu jamani nataka kupangisha chumba, mmoja anajibu kwa emoji ya dole, mwingine anakaa kimya, mwingine anasoma mbele ya mkewe ambaye ana maneno yake, na jioni mmeshagombana kwa vitu ambavyo hakuna aliyevisema. Mimi mara ya pili nilianza kwa kaka mkubwa kwa simu, nikamwambia kaka shikamoo, kwanza naomba radhi kwa yaliyopita, pili nina wazo naomba unisikilize mpaka mwisho. Halafu mdogo wangu wa Singida, halafu dada wa Dar es Salaam. Kila mtu peke yake. Nikawauliza mambo matatu, unakubali mtu asiye ndugu alale kwenye nyumba hii? Chumba gani hutaki kiguswe? Hela ikipatikana unaonaje igawanywe? Na kama mama au baba yupo hai basi huyo ndo wa kwanza kuulizwa, kabla hata ya kaka mkubwa.

Majibu yalinishangaza. Dada wa Dar ambaye nilidhani atataka hela alisema hela haimsumbui, anachotaka akija na watoto likizo ya Desemba asikute hakuna pa kulala. Mdogo wangu alitaka hela yake taslimu kila miezi sita. Kaka alitaka kabati. Kwahiyo chumba cha wageni tukakitenga hakipangishwi kabisa, kabati likaingia humo, na kinachopangishwa kikawa chumba cha mbele upande wa geti.

Baada ya hapo ndo tukaandika. Ukurasa mmoja wa mkono, tukapiga picha, kila mtu akasaini nakala yake, tulivyokutana msibani tukasaini ile moja ya pamoja mbele ya mjomba. Iliandikwa hivi:

"Sisi wanne wamiliki wa nyumba iliyopo Kikuyu tumekubaliana chumba cha mbele kipangishwe kwa mtu mmoja, mkataba usiozidi miezi sita kila mara, kodi isipungue shilingi 90,000 kwa mwezi. Anayekaa kwenye nyumba atasaini kwa niaba yetu wote. Hela itaingia kwenye namba ya simu tuliyokubaliana na taarifa itumwe kwenye grupu ndani ya siku tatu. Chumba cha wageni hakitapangishwa. Mmoja wetu akija kulala atoe taarifa siku moja kabla, isipokuwa kwenye ugonjwa au msiba."

Ile sentensi ya mwisho ni kaka mwenyewe aliyesema iwekwe.

Usiridhike na voisi ya nimekubali dada wewe endelea tu. Voisi inafutika simu ikiharibika, na mtu akikubali leo ana raha, mwakani akiwa na shida ya hela atakumbuka vingine. Mashemeji na mawifi wasikilizwe, wana hekima zao, ila sahihi ni za wamiliki tu.

Hela

Kuna familia zinamuachia kodi yote anayekaa kwenye nyumba kwasababu ndo analinda, anafagia, anapokea wageni wa ukoo. Kuna familia zinagawana sawa mpaka shilingi ya mwisho. Zote sawa mkikubaliana, shida ni pale anayekaa ndani anajiamulia ya kwanza na walioko mbali wanaamini ya pili.

Sisi tunafanya hivi. Kodi ya miezi sita ni 540,000. Kwanza tunatoa gharama za nyumba yenyewe, mfano safari ile zilikuwa 150,000, kodi ya pango la ardhi ya mwaka, koki mbili, kitasa na rangi ya chumba. Zikabaki 390,000, ukigawa kwa wanne ni 97,500 kila mmoja. Watatu walioko mbali nawatumia fungu lao. Fungu langu mimi sili, linakwenda kwenye mfuko wa paa kwasababu mimi nakaa bure humo na bati za baba ni za miaka ya themanini zimeanza kutoboka. Hilo nililipendekeza mwenyewe na nadhani ndo lililomaliza kinyongo, walivyoona nimetoa kwanza.

Nunua daftari gumu la kaunta buku. Ukurasa wa kushoto hela iliyoingia, wa kulia iliyotoka, risiti ya fundi na ya duka unazibana na pini hapo hapo. Kila mwisho wa mwezi napiga picha ukurasa natuma kwenye grupu. Hakuna anayejibu siku hizi na mimi natuma tu.

Kodi ya pango ni mapato na TRA wanayahesabu, kwahiyo chukua mkataba wako uende ofisi yao uulize makadirio yako, na kila mmiliki ajue fungu lake linamhusu. Mpangaji wako akiwa ni kampuni au ofisi imempangishia mfanyakazi wao, watakata kodi ya zuio asilimia 10 kabla hawajakulipa, usije ukadhani wamekudhulumu, omba tu karatasi ya uthibitisho.

Umeme na maji

Mimi mpangaji wa kwanza nilimwambia kodi ni elfu themanini umeme humo humo. Nilijiumiza. Nyumba yetu ilikuwa kwenye kundi la watumiaji wadogo, wale ambao ukinunua LUKU ya elfu moja unapata uniti 8 na kitu, na sharti lake ni usizidi uniti 75 kwa mwezi. Sisi tulikuwa tunatumia kama 60 hivi, yani elfu saba na mia tatu. Akaja kijana na jiko la koili na heater ya kuchemshia maji ya kuoga, maana Dodoma mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni baridi kweli, mwezi ukafika uniti 100. Tukaondolewa kwenye kundi letu, elfu moja ikawa inatoa uniti 2.8. Piga hesabu, uniti 100 pale ni kama 35,600, kutoka 7,300. Kodi yake ya chumba theluthi nzima ilikuwa inaishia kwenye mita.

Kwahiyo umeme usiweke ndani ya kodi. Kama mnaweza, muite fundi afunge mita ndogo ya chumba, mnasoma namba pamoja kila tarehe moja na kila mtu anachangia uniti zake. Kama hamuwezi, kubalianeni kabisa vitu gani haviruhusiwi kuchomekwa na gesi iwe ya kupikia. Na kuna hili dogo watu wanagombania, kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, kwa nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi. Mpangaji akiwa ndo amenunua umeme mwezi ule, ile 1,500 imekatwa kwake na sio deni lake, ni la wamiliki. Mrudishie siku hiyo hiyo.

Maji mnajua wenyewe. Ya DUWASA yanakuja kwa zamu, mtaa mmoja Jumanne na Ijumaa, mwingine usiku wa manane tu. Mtu wa kutoka mikoa ya maji mengi hajui hilo, atafungua koki aoge dakika ishirini. Mwonyeshe simtank siku ya kwanza kabla hajalipa, mwambie hii ni lita elfu moja, inatulisha siku nne watu wanne, ndoo tatu kwa siku kwa mtu. Akikunja uso hapo ni bora mmejua mapema.

Chumba chenyewe hakina mambo mengi. Toa vitu vyote vya familia na uviorodheshe, picha za ukutani, masanduku, nguo za marehemu, na uwaulize wenzako viende wapi, usiamue mwenyewe. Badilisha kitasa, maana funguo za zamani kila ndugu anazo na mpangaji ana haki ya kujua hakuna anayeingia kwake. Weka komeo la ndani. Nyavu za dirisha, mbu wapo na vumbi lipo. Basi.

Nani umchukue

Mtu wa kukaa ndani ya nyumba yako ni tofauti na mpangaji wa banda la uani. Wa uani mnakutana kwenye kamba ya nguo. Huyu mtaonana asubuhi wote hamjanawa uso.

Dalali atakuletea mtu haraka, na hapa dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja kwa kazi hiyo, ila dalali hajui tabia ya mtu. Mimi siku hizi naulizia kanisani, kazini kwa jirani, kwa mama wa duka. Akija tunakaa sebuleni kwanza, naongea nae nusu saa, namuuliza alikuwa anakaa wapi na namba ya mwenye nyumba wake. Halafu napiga kweli. Namwambia yule mama mwenye nyumba wa Nkuhungu au wa Chang'ombe, samahani mama, fulani amekuja kwangu, alilipaje? Alikuwa anarudi saa ngapi? Aliondoka kwa heri? Mtu akikwambia aliondoka kwa heri na akanyamaza kidogo kabla ya kusema, uliza tena.

Chukua nakala ya kitambulisho cha NIDA, namba ya ndugu yake mmoja, na kama ni mwanafunzi namba ya mzazi. Mpeleke kwa mjumbe na ofisi ya mtaa aandikwe, mwenyekiti wa mtaa amfahamu kwa sura. Sio kumtilia mashaka, hata yeye akiibiwa au akiugua ghafla inamsaidia.

Na niseme wazi jambo moja, kama ndani kuna mabinti wadogo, au kuna dada wa kazi anayelala peke yake, usipangishe chumba cha ndani kwa mwanaume usiyemjua hata akiwa na sura ya upole na hela ya mwaka mzima. Tafuta mwanamke, au subiri. Hilo wenzako wote wakikuambia wewe muoga, kataa, wewe ndo unayelala humo na hao watoto.

Mkataba

Mkataba wa mwaka mmoja kushuka chini sheria inaruhusu hata kwa mdomo, lakini kwa nyumba ya watu wanne usithubutu. Andika. Miezi sita inatosha, mkiridhiana mnaongeza, maana mambo ya familia yanabadilika, mmoja anaweza kustaafu mwakani akataka kurudi nyumbani.

Uanze na ukweli kwamba nyumba ina wamiliki wanne na anayesaini anasaini kwa niaba yao, na ule ukurasa wenu wa makubaliano uambatanishwe nyuma. Uonyeshe chumba gani na nini vya kutumia wote, jiko, bafu, choo, sebule mpaka saa ngapi. Kodi kiasi gani na inalipwa namba gani. Hela ya tahadhari kama ipo ni kiasi gani na itarudi lini. Taarifa ya kuondoka mwezi mmoja kwa pande zote mbili. Wageni wake wa kulala, sisi tumesema hapana isipokuwa mzazi wake, na aseme kabla. Halafu viwili ambavyo mikataba ya dukani haina, cha kwanza ndugu wa familia watakuja na kulala, wakati mwingine ghafla, cha pili kukitokea msiba wa ukoo nyumba itajaa watu, turubai litafungwa uani na jikoni patakuwa pa wote kwa siku kadhaa. Mpangaji wangu wa sasa aliposoma hicho cha msiba alisema mama hata kwetu Kondoa ni hivyo hivyo, nikajua tutaelewana.

Saini mbele ya mwenyekiti wa mtaa au wakili, mashahidi wawili. Ulipie ushuru wa stempu, ni asilimia moja ya kodi ya mwaka, hela ndogo, lakini karatasi isiyolipiwa ushuru inakataliwa kuwa ushahidi siku mkifikishana mbele ya sheria.

Akiwa ameshaingia

Mtambulishe. Picha yake moja kwenye grupu, jina lake, anafanya kazi wapi, ili asije akamuuliza kaka yako unamtafuta nani. Na yeye muonyeshe picha za ndugu zako.

Gonga mlango wake, usubiri, hata kama ni nyumba ya baba yako. Mwezi mmoja kabla ya mkataba kuisha uliza wenzako kama anaendelea, usimuongezee muda kwa kujiamulia. Mmoja wenu akifariki, Mungu aepushe, hisa yake inaingia kwenye mirathi yake na warithi wake wana neno, kwahiyo mkataba uliopo uishe muda wake halafu mkae upya na msimamizi wake.

Akishindwa kulipa ongea nae mapema, wiki ya kwanza, sio mwezi wa tatu. Ikishindikana mpe taarifa ya maandishi, nakala kwa mwenyekiti wa mtaa. Usimtolee vitu nje, usibadilishe kitasa akiwa kazini, usimkatie umeme, ukifanya hivyo yeye ndo anakuwa na kesi na wewe. Baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu, tangu sheria ibadilishwe mwaka 2021 haliamui mgogoro wa ardhi, likishindwa mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na huko wewe utaulizwa kitu kimoja mapema sana, hii nyumba ni ya nani, na wenzako wako wapi.

Siku anayoondoka fanyeni mchana, sio usiku na kirikuu kiko getini. Ingieni chumbani wote wawili, angalieni kuta, kioo, kitasa, soketi, someni mita ndogo, mkate anachodaiwa kwenye hela ya tahadhari na inayobaki apewe pale pale mkononi. Yule kijana wa taulo alipoondoka nilimrudishia elfu ishirini na mbili kutoka elfu thelathini, elfu nane ilikuwa ya kioo cha dirisha, na hakubisha. Alisaini kwenye daftari, akaacha funguo mbili mezani, ya chumba na ya geti, nikaandika tarehe, nikapiga picha ule ukurasa nikamtumia kaka kabla kijana hajafika barabarani.